Sungura Ananyonyoka Manyoya: Hesabu Siku Kabla ya Kushika Dawa

Swali ni lile lile. Leo anauliza mtu wa Mikindani, jana aliuliza wa Masasi, juzi wa Nachingwea: "Sungura wangu anatoka manyoya, nimpe dawa gani?" Halafu, akishamaliza kuuliza, anaongeza kama jambo la pembeni: "Na siku hizi amekuwa mkali kweli, nikitia mkono bandani ananiuma."

Hilo la pembeni mara nyingi ndilo lenye jibu. Jike aliyekuwa mpole akageuka mkali, na wakati huo huo anajinyonyoa kifuani, kwa kawaida hana ugonjwa wa ngozi. Ana mimba, au mwili wake unaamini kwamba ana mimba.

Nilijifunza hivyo kwa hasara. Jike wangu wa kwanza alianza kujing'oa manyoya ya kifua. Jirani akaniambia ni upele, nipake oili chafu ya gari, nami nikapaka. Sungura hujilamba mwili mzima kama paka, kwa hiyo aliilamba yote. Kesho yake hakula, siku ya tatu akafa. Nilipotazama ile ngozi baadaye, ilikuwa safi, haina gaga hata moja. Kama ningekuwa nimeandika tarehe aliyopandwa, ningejua kwamba hakukuwa na cha kutibu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na daftari, na dawa inakuja nyuma kabisa.

Andaa kwanza

- Daftari na kalamu, au kalenda ya ukutani inayoandikika.
- Tochi, ya simu inatosha.
- Kitana chenye meno ya karibu na kitambaa cheusi, hata kipande cha baibui kuukuu.
- Mizani ndogo. Bila uzito, kipimo cha dawa ni kubahatisha.
- Glovu, kwa sababu baadhi ya magonjwa ya ngozi ya sungura yanahamia kwa watu.
- Sanduku la kuzalia na nyasi kavu, hata kama unaamini jike wako hana mimba.
- Kizimba cha pili cha kumtenga mgonjwa au mkorofi.
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako. Itafute leo, wakati sungura bado mzima.

Hatua ya 1: Hakikisha jinsia

Usiamini neno la aliyekuuzia. Watu wengi huambiwa "hawa ni dada wawili", miezi minne baadaye wanakuta vitoto ndani ya nyasi. Mpakate sungura chali mapajani, kichwa kimeinuka kidogo, kisha bonyeza taratibu kwa vidole viwili juu na chini ya sehemu ya siri. Kwa dume hutokeza kitu cha duara kama kijibomba. Kwa jike unaona mpasuko mrefu unaoelekea nyuma. Kuanzia wiki ya 10 hadi ya 12 dume huanza kuonyesha korodani, vifuko viwili virefu visivyo na manyoya mengi.

Sungura wadogo kwa umbo wanaweza kubeba mimba wakiwa na miezi 4 hivi, wa kati miezi 4 hadi 6, wale wakubwa huchelewa zaidi. Ukifika umri huo, madume kwa majike wasilale pamoja. Na usiwaweke madume wawili wazima kizimba kimoja: hupigana na kurarua sehemu za siri, na kidonda cha pale ni kigumu kupona.

Hatua ya 2: Andika tarehe

Kila anapopandwa, andika. Kila anapotoroka akakutwa upande wa dume, andika pia, hata kama unaambiwa ilikuwa dakika mbili tu. Dakika mbili ni nyingi mno. Tendo la sungura huisha kwa sekunde.

Kuna jambo moja la mwili wake unalopaswa kulijua hapa. Sungura jike hana joto la kupandwa linalorudi kwa mzunguko kama ng'ombe na mbuzi. Yai lake huachiliwa baada ya kupandwa, kama saa 10 hivi baadaye. Kwa hiyo hata akipandwa na dume asiye na mbegu, au akipandwa na jike mwenzake, mwili unaweza kuanza safari nzima ya mimba ilhali ndani hamna kitu. Hiyo ndiyo mimba ya uongo.

Huku kwetu kusini inatokea sana miezi ya joto. Kuanzia Novemba mpaka Machi, upepo wa kaskazi ukivuma na banda likiwa la bati, dume hupata joto kupita kiasi. Joto likipita nyuzi 30 mbegu zake hudhoofika, na huchukua wiki kadhaa kurudi sawa hata hali ya hewa ikipoa. Anapanda kama kawaida, jike anakubali, wewe unahesabu siku ukisubiri vitoto visivyokuja. Ezeka banda kwa makuti, au weka makuti juu ya bati, na saa za mchana mpe chupa ya maji yaliyoganda alalie ubavuni. Mabati matupu kwa sungura wa Lindi na Mtwara siyapendekezi hata kidogo.

Hatua ya 3: Tazama manyoya yametoka wapi

Fanya asubuhi, kukiwa na mwanga na bado baridi. Mshike kwa kukinga makalio. Usimnyanyue kwa masikio, na ukimwacha miguu ya nyuma ikining'inia anaweza kurusha teke akavunja mgongo wake mwenyewe. Pitisha vidole kinyume na ulalo wa manyoya, kutoka mkiani kwenda kichwani, huku unamulika.

Kifuani, tumboni na kwenye ule mkunjo mnene wa ngozi chini ya kidevu: ngozi ikiwa safi, ya waridi, chuchu zinaonekana, na manyoya yamerundikwa kona moja ya kizimba, huyo anajenga kiota. Nenda Hatua ya 4.

Puani, midomoni, pembezoni mwa masikio na vidoleni, kuna magaga meupe au ya kijivu na anajikuna: ni upele. Nenda Hatua ya 6.

Mgongoni na mbavuni, manyoya yanatoka kwa mafungu lakini chini yake mapya yameshachipua: anabadilisha koti. Kazi huanzia kichwani ikashuka nyuma, na inaweza kuchukua wiki 2 hadi 6. Mchane kila siku ili asimeze manyoya mengi, mwongezee nyasi, basi.

Mabaka mgongoni au shingoni yaliyokatwa kama kwa mkasi, ngozi haina kitu: mwenzake anamtafuna. Angalia yupi katika kizimba ana manyoya yote. Mara nyingi ndiye mtafunaji.

Nyayo za nyuma zimekuwa tupu na nyekundu: ni sakafu ya waya. Mwekee ubao au kipande cha mkeka wa ukindu apumzishe miguu, na ubadilishe kikilowa.

Mapajani na kuzunguka mkia: mkojo au kinyesi laini kinamuunguza. Chini ya kidevu pakilowa kila wakati, tazama bakuli la maji analoinamia na meno yake, huenda yamerefuka akawa anatokwa na mate.

Hatua ya 4: Jike anayejinyonyoa — hesabu siku

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, kwa hiyo nenda polepole.

Mimba ya kweli huchukua siku 31 hivi. Wengine huzaa siku ya 28, wengine ya 32. Kujinyonyoa kwa mimba ya kweli huja siku chache au saa chache kabla ya kuzaa. Mimba ya uongo huisha mapema, na jike hujenga kiota karibu siku ya 16 hadi ya 18. Fungua daftari lako. Tofauti ya wiki mbili inaonekana hata kwa asiyejua chochote cha mifugo.

Juzijuzi binti mmoja wa mtaani kwetu alikuja na jike wake kwenye kapu la ukili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una nini humo?"

"Sungura wangu anaumwa, anatoka manyoya. Mama kasema tumchinje kabla hajafa."

Nilifungua kapu. Jike alikuwa amebana nyasi mdomoni, zimetokeza pande zote mbili kama masharubu, anageukageuka ndani ya kapu akitafuta pa kuziweka. Kifua kilikuwa kitupu, manyoya yake yamebaki kwenye kanga aliyofunikiwa. Nikamuuliza lini alikuwa na dume. Akahesabu kwa vidole kuanzia siku ya kufunga shule: siku 30. Nikamwambia arudi nyumbani taratibu, asipande bodaboda, amwekee sanduku kabla ya kula chakula chake mwenyewe. Alfajiri ya kesho yake vilizaliwa vitoto sita.

Ukiona nyasi mdomoni, umepata jibu. Mgonjwa wa upele habebi nyasi.

Ikiwa ni siku ya 28 au zaidi:
- Weka sanduku lenye nyasi kavu laini, sehemu yenye giza na utulivu. Manyoya aliyong'oa yarudishe ndani ya sanduku, ni blanketi la watoto.
- Usitumie maganda ya korosho kama matandiko, hata kama yamejaa nyuma ya nyumba. Yana mafuta makali yanayobabua ngozi.
- Akishazaa, hesabu vitoto, ondoa waliokufa, funika. Atanyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu. Usidhani amewatelekeza.
- Usimrudishe kwa dume. Anaweza kushika mimba siku ile ile aliyozaa.

Ikiwa ni siku ya 16 hadi 18, au hajawahi kukutana na dume:
- Mwache na kiota chake. Ukikitupa atajinyonyoa upya na kubaki na ngozi tupu zaidi. Mwenyewe atakiacha baada ya siku chache.
- Punguza pumba na pelati (chakula cha vidonge), ongeza nyasi.
- Papasa chuchu kila siku. Titi likiwa gumu, la moto, jekundu au la kibluu, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.
- Usimpandishe tena papo hapo "ili atulie". Ngoja ale vizuri na kifua kianze kufunika.
- Kama anaishi na jike mwenzake anayempanda, watenganishe, la sivyo mwezi ujao mtarudia.

Kwa hali zote mbili manyoya hurudi yenyewe ndani ya wiki kadhaa, bila mafuta ya nazi wala ya taa.

Kuhusu ukali: jike hulinda kizimba chake. Mimba, ya kweli au ya uongo, humzidishia. Atakoroma, atarusha miguu ya mbele, atauma. Usimpige. Msogezee chakula kutoka ubavuni badala ya kuingiza mkono moja kwa moja mbele ya uso wake, maana kitu kilicho puani kabisa hakioni vizuri. Na siku ya kupandisha, jike ndiye apelekwe kwa dume. Ukimpeleka dume kwa jike, anaweza kurudi na jeraha.

Hatua ya 5: Dume

Dume akibalehe atakuzunguka miguuni akinguruma, atapanda mguu wako, atarusha mkojo wenye harufu kali ukutani na hata usoni mwako, na atasugua kidevu kila kitu kuweka alama. Hayo si magonjwa wala hasira. Manyoya yakimtoka shingoni na mgongoni, tafuta alama za meno. Mara nyingi ni ugomvi na dume wa kizimba jirani, wanaumana kupitia waya. Weka ubao katikati wasionane wala kufikiana.

Hatua ya 6: Kama kuna magaga, mikwaruzo au vumbi jeupe

Vaa glovu. Tandaza kitambaa cheusi, mchane mgongo juu yake, kisha tulia utazame chini ya mwanga. Ule unga mweupe ukisogea wenyewe, ni wadudu. Mulika masikio: ukoko wa kahawia uliojazana ndani ni utitiri wa masikio. Usiukwangue, unauma mno na ngozi ya chini ni kidonda. Ukitibiwa hudondoka wenyewe. Baka la duara lenye kingo zenye magamba, bila kujikuna sana, laweza kuwa mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, na watoto wa nyumbani wakilishika watayapata.

Kwa upele na utitiri, dawa inayotumika sana ni sindano ya ivamektini chini ya ngozi, ikirudiwa baada ya siku 10 hadi 14 kwa sababu haiui mayai. Nakuomba amchome daktari au afisa mifugo. Lakini jua hesabu hii, usije ukaumiziwa sungura. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita, na kipimo cha ng'ombe na kondoo ni mililita 1 kwa kilo 50. Sungura wa kilo 2, kwa kiwango hicho hicho, ni mililita 0.04: alama ya 4 kwenye bomba la insulini la alama 100. Daktari anaweza kuamua kuongeza hadi mara mbili. Ukimwona mtu anavuta nusu bomba kama anachoma mbuzi, mzuie mkono. Muulize pia ni siku ngapi nyama isiliwe.

Watibu wote wa kizimba kimoja kwa siku moja, choma matandiko, osha banda, anika juani.

Vitu vya kutogusa sungura kabisa:
- Oili chafu na mafuta ya taa.
- Salfa ya mikorosho na viuatilifu vingine vya shambani. Msimu wa kupuliza, kuanzia Juni, usikate hata nyasi za chini ya mikorosho, wala usitumie mfuko wa salfa kufunikia banda.
- Dawa ya kuogeshea ng'ombe.
- Dawa ya viroboto ya mbwa na paka yenye fipronili. Kwa sungura ni sumu.
- Amoksisilini au penisilini ya kumeza. Huua bakteria wema wa tumboni, akaharisha na kufa.
- Kumwogesha kwa maji. Hofu na baridi vinaweza kumuua.

Hatua ya 7: Rekebisha chakula

Watafunaji wengi wa manyoya wana njaa ya nyuzinyuzi, na shida hii naiona zaidi kwa wanaolisha pumba za mahindi asubuhi na jioni. Sehemu kubwa ya mlo iwe nyasi: ukoka, mabingobingo, nyasi kavu zilizoanikwa kivulini. Ongezea majani ya mbaazi, matembele, mlonge, kiasi cha konzi moja moja. Kisamvu kibichi usimpe, kina sumu. Majani ya karanga yaliyokauka ni mazuri yasipokuwa na ukungu; yakiwa na vumbi la kijivu, tupa. Mpe pia kijiti cha mpera au kifuu atafune, asiyekuwa na kazi hutafuna mwenziwe.

Hatua ya 8: Kuhasi

Kwa dume ni upasuaji mdogo, na harufu, kupanda na kurusha mkojo hupungua taratibu kwa wiki kadhaa. Kosa kubwa ni kumrudisha kwa majike siku ya tatu: bado ana mbegu, mtenge wiki 6. Kwa jike ni upasuaji wa tumbo. Ufanywe na daktari aliyewahi kumfanyia sungura, muulize wazi. Sungura hatapiki, kwa hiyo asifungishwe chakula usiku kucha kabla ya upasuaji. Anayekuamuru hivyo amezoea mbwa.

Ukikwama

*Siku ya 33 imepita, amejinyonyoa, hajazaa.* Usisubiri tena, mpigie daktari. Kitoto kinaweza kuwa kimekwama.

*Amejinyonyoa na hali chakula kabisa.* Saa 12 bila kula wala kunya ni dharura, hata kama ngozi ni safi. Manyoya aliyomeza na tumbo lililosimama humaliza sungura haraka. Mpe nyasi mbichi na maji wakati unatafuta msaada, usimpe pumba.

*Nimechoma sindano mbili, magaga yamerudi.* Ama hukuwatibu wote, ama banda halikusafishwa, ama ni mashilingi, ambayo ivamektini haiyagusi. Daktari achukue ukwangu wa ngozi autazame kwa hadubini.

*Mimba ya uongo inarudi kila baada ya wiki chache.* Tafuta anayempanda. Kama yuko peke yake, acha kumpapasa mgongo karibu na mkia. Majike wengine huamshwa na hilo.

*Kifua kimechelewa kuota.* Pima uzito. Akiwa anakonda, tatizo halipo kwenye manyoya.

*Mkojo mwekundu.* Rangi ya majani huweza kuufanya wa chungwa au mwekundu mpaka siku mbili tatu, na huwa mwekundu wote sawasawa. Lakini jike wa miaka 3 na zaidi akitoa matone ya damu mbichi juu ya mkojo, hasa aliyekuwa akipata mimba za uongo mara kwa mara, mpeleke akapimwe kizazi. Uvimbe wa kizazi ni wa kawaida kwa majike wakubwa ambao hawajahasiwa, na ukigundulika mapema unaweza kutolewa.